Nauza visu vya marehemu mume wangu: je, posta inaruhusu?

SWALI: Assalaam alaykum. Naishi Leicester, Uingereza. Mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mpishi wa hoteli. Ameacha visu vya jikoni vya Kijapani vyenye thamani, kisu cha kukunja alichokuwa akienda nacho kuvua samaki, panga la bustanini, na jambia la babu yake lililotoka Unguja. Wanangu wanasema nivitangaze mtandaoni na kuvituma kwa posta. Jirani yangu anasema nikifanya hivyo nitashtakiwa. Mimi sina duka wala kampuni. Nani mkweli kati yao? Na shemeji yangu aliye Muscat analitaka hilo jambia, naweza kumtumia?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Pole sana kwa msiba.

Wanao wamesema kweli, na jirani naye hakukosea sana. Posta ya Uingereza, Royal Mail, inapokea visu halali ilimradi vimefungwa vizuri. Kisu cha mpishi si bidhaa haramu, na kukiuza si kosa. Kinachoangaliwa na sheria ni mkono utakaokipokea upande wa pili. Hapo ndipo muuzaji wa nyumbani kama wewe anapobanwa kuliko duka, kwa sababu duka lina mkataba na msafirishaji anayekagua umri mlangoni, na wewe huna.

Sheria ya Haki ya Jinai (Criminal Justice Act) ya mwaka 1988, kifungu cha 141A, inamkataza mtu yeyote kumuuzia kisu aliye chini ya miaka 18. Ni mtu yeyote, kwa hiyo kusema “mimi si mfanyabiashara” hakukuokoi. (Uskochi inawaruhusu wenye miaka 16 kununua visu vya jikoni, lakini usiingie huko, shika 18 kwa kila kitu.) Kisha ikaja Sheria ya Silaha za Kudhuru ya 2019, ambayo vifungu vyake kuhusu kutuma visu vilianza kufanya kazi Aprili 2022. Hii inahusu mauziano ambayo muuzaji na mnunuzi hawako pamoja ana kwa ana: mtandaoni, kwa simu, kwa WhatsApp. Ukiuza hivyo na kukipeleka kisu kwenye nyumba ya kuishi, unatenda kosa, isipokuwa uwe umetimiza masharti: kifurushi kiandikwe wazi nje kwamba ndani mna kitu chenye makali na akabidhiwe mtu wa miaka 18 au zaidi tu, na uwe umechukua kila hatua ya maana kuhakikisha ndivyo itakavyokuwa. Kukiacha kwenye kabati la kuchukulia vifurushi hakuruhusiwi. Adhabu yake ni faini au kifungo, au vyote viwili.

Ukali huu una sababu. Mwaka 2022 kijana wa miaka 16, Ronan Kanda, aliuawa karibu na nyumbani kwao Wolverhampton kwa upanga ulionunuliwa mtandaoni na kijana mwenzake aliyekuwa hajatimiza miaka 18. Mama yake na dada yake wamepigania mabadiliko tangu hapo, na mwaka 2025 serikali ilipeleka bungeni muswada wa kukaza zaidi ukaguzi wa umri, wakati wa kuuza na wakati wa kukabidhi. Kwa hiyo siku utakapoamua kuuza, fungua tovuti ya serikali ya GOV.UK usome kanuni za siku hiyo. Kanuni za visu nchini humo hubadilika karibu kila mwaka.

Sasa tuje kwenye kaunta ya posta. Ukituma kwa njia ya kawaida ya kusainiwa, mtu wa posta anachukua saini tu. Hamuulizi aliyefungua mlango ana miaka mingapi. Huduma ya kukagua umri mlangoni ipo, lakini Royal Mail imeilenga kwa wateja wa biashara wenye akaunti, na kampuni nyingine za vifurushi hali kadhalika. Kuna wanaoona kwamba saini inatosha kuwa kinga. Mimi sikushauri utegemee hilo. Saini inathibitisha kwamba kifurushi kimefika, haithibitishi kwamba aliyekishika ni mtu mzima, na siku ya kuulizwa utatakiwa kuonyesha hatua ulizochukua, si nia yako njema.

Kwa hiyo ningekuwa mahali pako, kitu chochote chenye makali ambacho mnunuzi anataka kiletwe nyumbani kwake nisingekituma bila huduma ya ukaguzi wa umri. Zipo njia nyingine, na kwa visu vya mpishi njia bora ni hii: uza kwa wapishi, utume kazini kwao. Katazo la kupeleka nyumbani linahusu jengo linalotumika kwa makazi peke yake. Mkahawa, hoteli, duka la kunoa visu, hata nyumba ambayo mwenyewe anaendesha biashara ndani yake, havimo. Wapishi ndio wanaojua thamani ya visu vya mumeo, na kila mpishi ana jiko lenye anwani. Thibitisha anwani hiyo mwenyewe: tafuta namba ya mkahawa mahali pengine, si ile aliyokupa mnunuzi, upige uulize kama fulani anafanya kazi pale.

Hata hapo, katazo la kumuuzia aliye chini ya miaka 18 halijaondoka. Mwombe mnunuzi akuonyeshe pasipoti au leseni ya udereva, ikiwezekana kwa simu ya video akiwa ameishika karibu na uso wake. Linganisha jina na jina utakaloandika kwenye boksi. Weka mazungumzo yenu, risiti ya posta na picha ya kifurushi kabla hujakipeleka. Nakala ya kitambulisho chake usiihifadhi. Andika tu kwamba umekiona, na tarehe.

Njia ya pili ni ya zamani na ndiyo nyepesi kuliko zote: mnunuzi aje. Aje na kitambulisho, aone kisu, akilipie, aondoke nacho kimefungwa. Hapo masharti ya kutuma hayakuhusu kabisa, linabaki la umri tu. Simu ya video haihesabiwi kuwa mmeonana. Usikutane naye mjini na kisu kwenye mkoba. Akutane nawe nyumbani ukiwa na mwanao, au kwenye jiko la kazini kwake.

Njia ya tatu ni mnada au dalali wa vitu vya kale. Watakata kamisheni, lakini mzigo wa kukagua na kutuma unakuwa wao. Kwa jambia, kama utaamua kuliuza, hii ndiyo njia ninayoiunga mkono.

Kuhusu kutangaza mtandaoni, masoko mengi yamejiwekea kanuni kali kuliko sheria yenyewe. eBay ya Uingereza, kwa mfano, inakataa visu vingi ambavyo dukani vinauzwa bila tatizo. Soma masharti kabla ya kupiga picha. Na maneno ya tangazo yawe ya jikoni: chuma gani, urefu gani, kimenolewa lini. Sheria ya Visu ya 1997 inakataza kutangaza kisu kwa namna inayoonyesha kwamba kinafaa kwa mapigano au inayochochea ukatili. Kijana wako akiandika “kikali cha hatari” kwa kutaka kuvutia wateja, amekutafutia kesi kwa neno ambalo halikuongeza hata pauni moja kwenye bei.

Tuvitazame vitu vyenyewe.

Visu vya jikoni havina shida. Kisu cha mkate chenye meno nacho usikiogope. Wapo wanaodhani meno yale yanakiingiza kwenye kundi la visu vilivyopigwa marufuku, na si kweli.

Panga linahitaji kuangaliwa. Tangu tarehe 24 Septemba 2024, England na Wales zimepiga marufuku aina fulani ya visu na mapanga, hata kukaa nayo ndani ya nyumba. Kifaa kinaingia kwenye marufuku kikiwa na makali ya kawaida, ncha kali, na bapa lenye urefu wa zaidi ya inchi 8, halafu pamoja na hayo kiwe na mojawapo ya mambo haya: meno ya msumeno, matundu zaidi ya moja kwenye bapa, miiba, au ncha zaidi ya mbili. Meno mafupi karibu na mpini, yasiyozidi inchi 2, yamesamehewa. Panga la shamba la kawaida, bapa moja tupu lisilo na mapambo, halimo. Lakini kama la mumeo lina meno ya msumeno mgongoni na ncha kali, ni jingine kabisa. Usiliuze, usimpe mtu, na usilibebe mkononi kulipeleka kituoni. Piga simu polisi kwa 101, namba isiyo ya dharura, ueleze kwamba ni urithi, nao watakuambia namna ya kulisalimisha.

Kisu cha kukunja ndicho kinachowanasa watu wengi. Kile cha mfukoni chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, kimesamehewa masharti haya ya kuuza na kutuma. Pima makali yenyewe. Kisha kifungue ukikunje tena taratibu. Kikijikunja kwa kusukumwa tu, ni cha mfukoni. Kama inabidi ubonyeze kitasa au utepe wa chuma ndani ya mpini ndipo kikubali kufunga, basi ni kisu cha kujifunga, na mahakama za Uingereza hazikihesabu kuwa kisu cha mfukoni, kiwe kifupi namna gani. Kitendee kama kisu kingine chochote. Na kama kinafyatuka chenyewe ukibonyeza kitufe, ni haramu kukiuza tangu 1959, na tangu Julai 2021 ni haramu hata kukiweka kabatini. Hicho nacho ni cha 101.

Sasa kufunga, na hapa nakuomba uwe na subira, kwa sababu kuna mtu atakayekibeba kifurushi chako kwapani na mwingine atakayekitupa kwenye gunia pamoja na vingine mia.

Kisafishe kisu, kikaushe kabisa, kisha ukipake mafuta membamba kwa kitambaa. Visu vingi vya Kijapani ni vya chuma cha kaboni, kinachoshika kutu kwa unyevu kidogo tu, na siku tatu ndani ya boksi zinatosha kukitia madoa ya kahawia. Usibandike selotepu moja kwa moja kwenye bapa. Kama kina ala yake ya mbao, kiingize, halafu funga uzi pale ala inapokutana na mpini, maana ala huteleza ikitoka. Kama hakina, kata kadibodi ngumu yenye urefu wa kuzidi bapa kwa vidole viwili, ikunje katikati, uingize makali upande wa mkunjo, kisha ubandike kadibodi kwa kadibodi kuzunguka kote.

Ncha ndiyo adui mkubwa. Boksi likidondoka kwa upande wake mfupi, uzito wote wa kisu unasukuma ncha, na kadibodi moja haiwezi kuizuia. Chomeka ncha kwenye kizibo cha gamba au kipande kinene cha raba kabla ya kufunga kadibodi, na pale mbele ongeza tabaka mbili tatu. Kisha kizungushie plastiki ya viputo. Funga kila kisu peke yake, hata kama mnunuzi amechukua seti nzima.

Boksi liwe gumu, na kisu kisiwe na nafasi ya kutembea ndani. Jaza karatasi zilizokunjwa, ufunge, utikise karibu na sikio. Ukisikia kitu kinagonga, fungua upya. Royal Mail inataka makali yafunikwe kwa kadibodi nzito kiasi cha kutotoboa kifungashio cha nje. Bahasha ya sponji wanaikubali, lakini mimi nataka boksi. Nje andika jina na anwani yako ya kurudishia, hilo ni sharti lao, na lile tangazo la kitu chenye makali na miaka 18, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, upande uleule wa anwani. Wapo wanaohofu kwamba maandishi hayo yatamvuta mwizi. Hofu hiyo naielewa, lakini maandishi ni sehemu ya masharti, huna ruhusa ya kuyaacha. Chagua huduma yenye ufuatiliaji, na kabla ya kulipa uliza fidia ya kisu kikipotea ni kiasi gani.

Yote haya yafanye nyumbani. Kubeba kisu hadharani bila sababu njema ni kosa, na kwenda posta na kifurushi kilichofungwa ni sababu njema inayoeleweka na kila askari. Kisu kilichofungwa gazeti ndani ya mfuko wa sokoni, ukitafuta boksi la kununua njiani, kinaweza kuleta maswali usiyoyataka. Ukifika kaunta na kuulizwa kuna nini ndani, sema ni kisu cha jikoni, na kimefungwa vipi.

Nimeliacha jambia mwisho kwa sababu lina mambo yake, na si yale unayoyadhania. Kwa upande wa silaha, halimo kwenye orodha ya vilivyopigwa marufuku. Marufuku ya panga zilizopinda inahusu bapa la sentimita 50 na kuendelea, na jambia halifiki huko. Linauzwa kwa masharti yaleyale ya umri na kukabidhi.

Shida ni mpini. Majambia ya zamani ya Oman, na yaliyoingia Unguja na Pemba kwa familia zenye asili hiyo, yalitiwa mipini ya pembe ya kifaru kwa wenye uwezo, wengine pembe za ndovu, wengine mbao au pembe za wanyama wa kufugwa. Sheria ya Pembe za Ndovu ya 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inakataza karibu biashara yote ya pembe hizo Uingereza hata kama ni za karne iliyopita, na tangu Januari 2025 imeongezwa meno ya kiboko. Msamaha upo kwa kitu kilichotengenezwa kabla ya Machi 1947 ambacho pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake wote, na lazima kisajiliwe kwa ada ya pauni 20 kabla ya kuuzwa. Mapambo madogo ya pembe yanaweza kupita. Mpini mzima mara nyingi haupiti. Pembe ya kifaru iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na bila kibali usifikirie kuiuza.

Utajuaje? Chukua kioo cha kukuzia na taa, utazame mwisho wa mpini pale ulipokatwa. Pembe ya ndovu ina mistari myembamba inayokatana kama wavu. Pembe ya kifaru haina wavu huo. Ina nyuzinyuzi zilizobanana kama nywele, na ukiimulika kwa taa pembezoni hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Plastiki mara nyingi inaonyesha mshono wa kalibu. Usijaribu kuchoma kwa sindano ya moto kama wengi wanavyoelekezana. Utaharibu mpini na bado hutapata jibu la kumridhisha mtu. Ukiwa na shaka, peleka picha kwa mnada unaoshughulika na vitu vya Kiarabu, au waulize APHA, wakala wa serikali unaosimamia vibali hivi.

Na shemeji yako? Kumpa ndugu kitu cha familia si kuuza, na sheria ya pembe za ndovu inaruhusu zawadi na urithi. Moyoni mwangu naona huko ndiko jambia linakostahili kwenda kuliko kwa mgeni. Lakini kulivusha mpaka ni shughuli nyingine. Kama mpini ni wa pembe ya ndovu au ya kifaru, haliondoki Uingereza bila vibali vya CITES, hata kama ni zawadi na hata kama limefungwa sandukuni. Kama ni mbao au pembe ya ng'ombe, tazama kwanza kwenye tovuti ya Royal Mail orodha ya vinavyokatazwa kwa Oman, na umwambie shemeji aulize forodha ya kwao kwa maandishi kabla hujalipia chochote. Ukituma, fomu ya forodha iseme jambia, mpini wa kitu gani na la umri gani, si “mapambo ya nyumbani”.

Ila kama anatarajia kuja Uingereza kuwatembelea, mwache alichukue mwenyewe. Lisafiri kwenye sanduku la chini ya ndege, kamwe si kwenye mkoba wa mkononi, likiwa limefungwa kama nilivyoeleza, pamoja na barua yako fupi inayosema ni mali ya nani na imetoka kwa nani. Shirika la ndege waulize kabla ya siku ya safari, na jibu lao alichapishe aende nalo uwanjani.